Nyasi Katika Nyumba ya Mawaridi

Mlioniandikia kuuliza kama nimelia, hadi wiki hii jibu lilikuwa lile lile: bado.

Kwa aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, naitwa Zinash. Nina mtoto mmoja, Tsega, wa miaka mitatu. Baba yake, Gizachew, alikuwa utingo wa lori la maua, na lori hilo lilipinduka njiani kwenda uwanja wa ndege. Maua yalihamishiwa gari jingine yakawahi ndege. Gizachew tulimrudisha kwetu Holeta, tukamzika.

Tangu hapo nilikuwa kama mkono uliokufa ganzi. Nauona, najua ni wangu, lakini ukiufinya sisikii.

Wiki iliyopita niliwaachia pale serikali ilipotukabidhi nyumba ya nailoni ya kukuzia mawaridi. Nirudie kidogo, maana bila hilo hamtaelewa ubaya wa nyasi.

Serikali yetu ilipoamua kwamba nchi hii itauza maua Ulaya, ilianza na Bwana Tilaye. Ilimpa kilima kizima, ikamchongea barabara, ikamvutia umeme, ikamsamehe kodi mpaka mawaridi yake yasimame. Chini ya kilima hicho palikuwa na shamba la teff, nafaka ya chakula chetu cha kila siku, la baba mkwe wangu. Yeye aliambiwa ahsante. Hakumaliza mwaka.

Baadaye sana mtu mmoja huko wizarani akakumbuka kwamba wanawake nao wana mikono. Ukaja mradi. Tukapewa kipande cha chini ya kilima, kile kile cha baba mkwe, wanawake sita. Tukajengewa nyumba moja ya nailoni, tukaletewa miche, mabomba ya maji na bwana shamba. Mimi nikafanywa mwenyekiti kwa sababu nasoma shule ya jioni, na nadhani pia kwa sababu wenzangu walinionea huruma.

Sharti lilikuwa moja. Mavuno ya kwanza yakikaguliwa yakaonekana safi, hati ya ardhi inatoka kwa jina la kikundi. Yakiwa na wadudu, nyumba na ardhi vinaunganishwa na vya Bwana Tilaye, na sisi tunaweza kwenda kumwomba vibarua.

Ndivyo tulivyokuwa wiki ya mwaka mpya wetu, ambao huingia mwezi wa tisa. Mvua zimekwisha, vilima vimejaa maua ya manjano ya porini. Tukaambiwa kwamba kabla ya mkaguzi, atakuja kwanza mgeni mkubwa kutoka wizarani, yeye mwenyewe, na watu wa kamera.

*

Bwana shamba wetu anaitwa Lulseged. Ni kijana mwembamba, mwoga wa wakubwa, lakini hana roho mbaya. Alitukusanya mbele ya mlango.

"Sikilizeni. Viatu kwenye beseni la dawa. Mikono kwa sabuni. Na hakuna kitu kibichi kutoka nje kinachoingia humu. Sio jani, sio ua, sio mboga zenu za mchana."

"Na mtu mbichi je?" akauliza Bizunesh.

Bizunesh ni rafiki yangu. Mdomo wake hauna breki, na hajawahi kuutafutia.

"Dada Bizunesh, nakuomba."

"Nauliza tu, Bwana Shamba. Maana wewe mwenyewe naona hujaiva."

Wakacheka. Mimi nilifungua mdomo pamoja nao ili nisionekane.

"Na jingine," akasema Lulseged, masikio yamemwiva. "Kila mwanachama anajibu kwa watu wa nyumbani kwake. Akiingia mtoto wako, mume wako, shangazi yako, umeingia wewe. Akiharibu yeye, kimeharibu kikundi. Mtu baki akivamia, hiyo ni kesi ya polisi, haiwahusu ninyi. Tumeelewana?"

"Kwa hiyo nikimkana mume wangu nimepona?"

"Ukimkana, ndiyo."

"Tazama! Kumbe serikali inaweza kusaidia!"

Hata Lulseged alicheka. Nawaandikia kicheko hicho kwa sababu mtakikumbuka mbele.

*

Naishi na mama mkwe wangu, Mama Etagegn. Tangu nyumba ile ya nailoni isimamishwe hakuwa ameikanyaga hata mara moja. Akienda kanisani alizunguka njia ya juu, ile ndefu yenye mawe, ili asiione.

Siku hiyo nilimkuta anakaanga buni, Tsega amelala mapajani pake.

"Mama, kesho mgeni anakuja. Njoo na wewe."

"Nije kufanya nini? Pale nililima na mimba ya Gizachew tumboni. Leo nije kunusa ua?"

"Sio kunusa."

"Na hata nikinusa! Lile mlilomwekea mwanangu kaburini nililinusa. Halinukii. Ua gani hilo? Ni kama picha ya chakula."

Ni kweli. Mawaridi ya kuuza nje hayanukii. Huchaguliwa yale yanayovumilia safari. Sikumwambia hivyo.

Nilimtazama anavyoinamisha kikaango upande ili moshi usimfikie mtoto. Nikatamani awe pale kesho. Nilitamani kwa mbali, kama mtu anayetazama kitu chake kilichosahaulika ng'ambo ya mto.

"Njoo tu, Mama. Ardhi ikiwa yetu, ni yako kwanza. Njoo umpokee mgeni kama unavyopokea nyumbani."

Akapepeta buni, akapuliza maganda.

"Kama nyumbani?"

"Kama nyumbani."

Maneno hayo niliyasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

*

Asubuhi wanawake wote sita tulishuka hadi barabara kuu kumpokea mgeni kwa vigelegele. Mama Etagegn aliniambia nitangulie, atakuja. Nyumba ya nailoni tuliiacha bila mtu. Mlango wake hufungwa kwa waya tu.

Mgeni alishuka kwenye gari, mnene, mchangamfu, anawapigapiga watu mabegani. Tukapanda naye. Akatumbukiza viatu vyake vizuri kwenye beseni la dawa bila kulalamika. Lulseged akafungua mlango kwa mikono miwili, kama anayemfunulia bibi harusi shela.

Sakafu ilikuwa ya kijani.

Kwetu mgeni wa heshima hapokelewi kwenye sakafu tupu. Sikukuu, kahawa, mtoto kubatizwa, lazima nyasi mbichi zitandazwe. Na hapa zilikuwa zimetandazwa kutoka mlangoni hadi mwisho, katikati ya mistari yote ya mawaridi, ndefu, bado zina umande. Juu yake yamemwagwa maua ya manjano ya mwaka mpya, mapakacha kwa mapakacha. Moshi wa ubani ulikuwa umesimama chini ya nailoni. Mwishoni kabisa, kwenye kigoda, na nguo yake nyeupe ya kanisani, alikaa Mama Etagegn na birika lake la udongo juu ya jiko la mkaa.

"Karibuni," akasema. "Karibuni nyumbani."

"Jamani!" akasema mgeni. "Jamani, tazameni hii!"

Kamera zikatazama.

"Nimetembelea mashamba ya maua nchi nzima," akasema. "Ya wageni, ya wenyewe, makubwa, madogo. Kote nanusa dawa. Leo ndio mara ya kwanza nimepokelewa!"

Lulseged alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake sikioni.

"Zinash. Nyasi."

"Naziona."

"Zimetoka wapi?"

"Nje."

"Mungu wangu. Ziondoe."

"Amezikanyaga. Mwambie wewe ainue mguu."

Hakumwambia. Nani angemwambia?

Mgeni akakaa. Akapewa kikombe cha kwanza na konzi ya shayiri iliyokaangwa. Akatafuna, akasifia. Kisha akanigeukia.

"Mwenyekiti, huyu ni mama yako?"

Kabla sijajibu Bizunesh aliruka. "Huyu ni mama wa kilima kizima, Mheshimiwa! Hata Bwana Tilaye akimwona anavua kofia!"

Watu wakacheka, picha zikapigwa, na swali likapita bila jibu.

"Hapa palikuwa shamba la mume wangu," akasema Mama Etagegn, akimimina cha pili. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama unavyomwonyesha mgeni choo kiko wapi.

Mgeni akamshika mkono.

"Na litakuwa la wanawake wa hapa, mama. Nasema mbele ya kamera. Serikali haitawaacha."

Msaidizi wake akakohoa. "Baada ya ukaguzi, Mheshimiwa."

"Baada ya ukaguzi, naam."

Akanywa cha pili, akasimama, akaondoka na watu wake. Mama Etagegn alibaki na kikombe cha tatu mkononi, kile cha baraka, kinatoa mvuke.

"Hakungoja cha tatu," akaniambia.

"Ana ndege ya kuwahi, Mama."

"Watu wa maua wote wana ndege ya kuwahi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alinyoosha kidole, akagusa jani la mche wa waridi, taratibu, kama anayepima homa ya mtoto. Akatabasamu.

"Udongo ni ule ule," akasema. "Mmeutunza."

Hakuwa ametabasamu tangu mazishi. Nilisimama mbele yake na fagio nyuma ya mgongo, nikangoja kwanza atoke.

*

Tulifagia mpaka unyasi wa mwisho. Tukaosha sakafu. Bizunesh alipiga magoti akaokota petali za manjano moja moja, bila mzaha hata mmoja, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Siku iliyofuata Lulseged alikata waridi moja, akaligonga juu ya karatasi nyeupe. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili karatasi ikatembea.

Vilikuwa vidudu vyembamba kama vipande vya uzi, vya rangi ya majani makavu. Vinakimbia.

"Walikuwa kwenye yale ya manjano," akasema. "Wamehamia huku."

"Piga dawa."

"Ile ya kuwamaliza haraka wanunuzi wameikataza. Hii nyingine inataka muda. Mkaguzi ni kesho."

Akakaa chini kwenye kreti. Nilidhani amemaliza.

"Kuna jingine, dada Zinash. Picha imetoka gazetini. Mheshimiwa amekaa juu ya nyasi, ndani ya nyumba ya maua ya kupeleka nje, anakunywa kahawa. Wenye mashamba makubwa wameiona. Wamepiga simu wizarani wanauliza: hivi ndivyo serikali inavyojenga biashara ya maua? Mbona kwetu mnadai beseni na sabuni?"

"Na yeye amesemaje?"

"Watu wake wanasema alidanganywa. Sasa wanataka kujua aliyetandaza."

Nilikuwa nimeshika lile waridi. Mwiba ulikuwa umeingia kwenye kidole gumba, nikauona baadaye.

"Sikiliza," akasema kwa sauti ya chini. "Kama aliyetandaza ni mwanachama au mtu wa nyumbani kwake, kikundi kimejimaliza. Ardhi inakwenda juu, kwa Tilaye. Lakini kama ni mtu baki aliyevamia, hiyo ni hujuma. Kikundi hakina kosa. Mnapewa msimu mwingine, na ardhi inawangoja."

"Na huyo mtu baki?"

"Polisi."

Akatazama viatu vyake.

"Mkaguzi anatoka mjini. Hana anayemfahamu hapa. Mimi sitafungua mdomo, wala upande huu wala ule. Nimechoka."

Bizunesh alikuwa amesikia yote. Alinivuta nje, nyuma ya tangi la maji.

"Sema ni yule bibi."

"Ni mama mkwe wangu."

"Zinash, mume amekufa. Ukwe gani umebaki?"

Palepale akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe, shoga. Nisamehe. Ulimi wangu huu ukatwe."

"Hujasema uongo," nikamwambia.

Wala haikuniuma. Ndicho kilichonitisha zaidi ya vidudu. Mtu ananitajia kifo cha Gizachew usoni, na mimi natazama tu jinsi maji yanavyodondoka kwenye tangi.

"Bibi kizee watamfanya nini?" akaendelea, sasa analia yeye. "Watamhoji, watamwachia. Sisi tukinyang'anywa hapa tunakwenda wapi? Nirudi kufungasha maua ya Tilaye nimesimama mpaka miguu ivimbe? Na Tsega wako? Ulisema atasoma mchana, sio jioni kama wewe. Si ulisema?"

Nilisema. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho bado nakitaka, hata katika ganzi ile. Nikiwa darasani, taa inakatika na kurudi, macho yanajifunga, huwa namwona mwanangu kwenye dawati na jua linaingia dirishani. Nilitaka ardhi ile kwa ajili ya jua hilo.

*

Nyumbani nilimweleza Mama Etagegn. Sikumpamba, sikumlaumu. Nilimwambia vidudu vilikuwa wapi na sasa viko wapi.

Alikuwa anakaanga shayiri. Mwiko haukusimama.

"Nyasi zangu," akasema.

"Hukujua, Mama."

"Kumkaribisha mtu ndiko kumeleta mdudu?"

"Mimi ndiye niliyekuambia uje."

"Ulisema kama nyumbani."

"Nilisema."

Tsega akaja kuiba shayiri. Bibi yake akampulizia konzi ipoe, akamtilia kiganjani.

"Kesho utawaambia nini?" akaniuliza.

"Nitasema nilitandaza mimi."

"Hapo shamba linakwenda."

"Linakwenda."

Akageuza shayiri kwa muda mrefu. Ilikuwa imeshaiva, akaendelea kuigeuza.

"Hebu nieleze tena ile sheria yenu. Akiingia mtu wa nyumbani kwako, umeingia wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtu baki?"

"Amevamia."

"Ahaa," akasema. Akaepua.

Alimbeba Tsega mgongoni mpaka akalala, ingawa mtoto amekuwa mkubwa na mgongo wa bibi ni mbovu. Alimwimbia ule wimbo aliokuwa akimwimbia Gizachew. Nilidhani ni wema wake wa kila siku.

*

Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Shuka lake la kujitanda halikuwepo msumarini. Nikadhani amekwenda kanisani kwa njia yake ya juu.

Nilikuwa sina wa kumwachia Tsega. Nikamfunga mgongoni, nikashuka naye. Nilimkalisha nje kwenye kreti, karibu na mlango, na kipande cha mkate.

"Usiingie, mwanangu. Ukiingia, mama ameingia."

"Bibi yuko wapi?"

"Anakuja."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Senait, miwani, koti jeupe, maneno machache. Hakukubali kahawa. Alikata waridi mwenyewe, mstari wa kwanza, wa katikati, wa mwisho. Akayagonga kwenye karatasi. Akaangalia kwa kioo cha kukuzia.

"Wapo," akasema.

Bizunesh alinishika kiwiko.

"Nani mwenyekiti?"

"Mimi."

"Nimeonyeshwa picha. Nyasi zilizokuwa humu nani alizileta? Nataka jibu moja, la kweli, nikalipeleke."

Nilikuwa nimelipanga tangu alfajiri. Mimi. Neno fupi, halichoshi. Nilivuta pumzi.

"Ni mimi," akasema mtu.

Sikuwa nimefungua mdomo.

Mama Etagegn alikuwa amesimama mlangoni, kwa nje, mguu haujavuka. Pembeni yake alikuwa na askari wa kituo cha chini, kijana, amevua kofia kwa sababu ya joto la nailoni au kwa sababu ya aibu.

"Huyu mama alikuja kituoni mwenyewe," askari akasema. "Anasema achukuliwe maelezo. Tukaona tumlete hapa kwanza."

"Wewe ni mwanachama?" akauliza Bi Senait.

"Hapana."

"Uliingiaje?"

"Mlango una waya. Waya huo hata mbuzi anaufungua. Niliwaona wameshuka barabarani, nikaingia."

"Kwa nini?"

"Serikali ilinichukulia shamba hili. Mume wangu akafa kwa ajili yake. Kisha maua yakamchukua mwanangu. Ungekuwa wewe, ungeyapenda?" Sauti yake ilikuwa tulivu, ile ile ya kumkaribisha mgeni. "Nilitaka yafe. Kahawa ilikuwa ya kuwafumba macho. Basi."

Lulseged alikuwa anatazama viatu vyake tena. Bizunesh alikuwa ameacha kunishika, amejishika mwenyewe.

Bi Senait akanigeukia, kisha akamgeukia yeye.

"Unawafahamu wanawake hawa? Kuna ndugu yako humu?"

Mama Etagegn alinitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshabeba mara nyingi mwiko wake, kikombe chake, mtoto wa mwanawe. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyepanga naye foleni ya maji mara moja, zamani.

"Simjui hata mmoja," akasema. "Nilikuwa na mwana. Alikufa. Sina mtu."

Mkono uliokufa ganzi unapoamka, kwanza unachoma. Mliowahi kuulalia mnajua. Unachoma mpaka unatamani uendelee kufa. Kilianzia hapo, kwenye lile neno sina, kikapanda kifuani, kikafika machoni, na kabla sijakizuia nilikuwa nimetoa sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata kaburini.

Bi Senait akakunja uso. "Wewe unalia nini?"

Askari akamshika mama mkwe wangu mkono, kwa adabu, kama anayemvusha barabara. Akageuka naye.

Hapo ndipo mkate ulipoanguka chini.

"Bibi!"

Tsega alikuwa ameteremka kwenye kreti, anakimbia na miguu yake mifupi, anacheka, makombo shavuni. Alimfikia, akamkumbatia miguu yote miwili, akauficha uso kwenye ile nguo nyeupe kama afanyavyo kila siku.

"Bibi, nibebe. Bibi, twende nyumbani."

Mama Etagegn hakuinama. Mikono yake ilikaa pembeni, vidole vimekunjwa.

Bi Senait alitoka nje taratibu. Akachuchumaa mbele ya mwanangu, akavua miwani.

"Mtoto mzuri. Umemwita nani huyu?"

"Bibi," akasema Tsega.

"Watoto huita kila mzee bibi," Bizunesh akadakia haraka. "Hata mimi ananiita bibi, na mimi ni msichana!"

Hakuna aliyecheka.

Bi Senait akasimama. Hakumtazama Bizunesh wala Lulseged. Alimtazama mtoto, akamtazama yule mzee, kisha akanitazama mimi na machozi yangu yote ya tangu mazishi.

"Mwenyekiti," akasema. "Nakuuliza wewe peke yako. Huyu mama ni nani kwako?"

Juu ya kichwa cha Tsega, mama mkwe wangu alitikisa kichwa. Kidogo sana. Mara moja.

Wenzangu watano walikuwa nyuma yangu, na nyuma yao mawaridi, na chini ya mawaridi ule udongo. Mwanangu alikuwa ananyoosha mikono juu, bado anangoja kubebwa.

Nikaliruka beseni la dawa, nikaenda hadi pale waliposimama, nikafungua mdomo.